Daftari la Bwana Ackroyd

Kila Jumanne, saa mbili asubuhi, mjini Halifax,
napanda kile kilima cha nyumba za mawe meusi
nikihesabu ngazi, nikihesabu na mapigo ya moyo.
Ngazi sitini na mbili. Moyo sijawahi kuumaliza.

Mlangoni mwa friji binti yake kabandika karatasi:
ASIPEWE KILEO. Kaipigia mstari mara mbili.
Chini yake, kwa kalamu ya mkono unaotetemeka:
"Ila kwa kifua."

Kifua hicho kina mambo!
Kikikohoa, ni kidole kimoja cha wiski.
Kisipokohoa, ni kidole cha kuzuia kikohozi.
Na vidole vya Bwana Ackroyd,
miaka arobaini kiwandani akifuma sufu,
vinene kama mihogo.

Sibishani. Nachemsha tangawizi,
nimeiponda kwa kitako cha kikombe maana kinu hana,
naminya limau, natia asali kijiko,
namwambia: kunywa hii kwanza,
kisha tuongee habari ya kidole.
Anakunja uso. "Inauma, Naidi."
Mwanaidi limemshinda; nimemsamehe.
Dawa isiyouma, namjibu, ni peremende.
Anacheka mpaka anakohoa,
na kikohozi kinampa hoja.

Mwezi wa nne alinionyesha uani
ua la njano limepasua saruji.
Jirani hulipulizia sumu; upande wetu, hapana.
Mama yake, enzi za kadi za chakula,
aliyachuma majani yake yangali machanga,
akayakaanga kwa mafuta ya nguruwe.
Nikainama, nikatafuna moja.
Uchungu ule naujua! Si mchunga,
lakini ni mtoto wa shangazi yake mchunga,
uchungu unaokaa nyuma ya ulimi
kama mgeni asiyejua kuaga.
Tuliyachemsha, tukamwaga maji ya kwanza,
tukatia kitunguu na nyanya.
Mafuta ya nguruwe tukamwachia marehemu.
Alikula sahani mbili, akakisahau kifua
hadi saa kumi.

Nami kwenye daftari la zamu naandika yote:
Uji, nusu bakuli. Vidonge vyeupe, viwili.
Majani ya uani, sahani mbili.
Wiski... hapo kalamu husimama.
Vidonge vile na kileo, mfamasia kasema,
ni wake wenza katika chumba kimoja.
Naandika: nusu kidole.
Changu, si chake.

Jumanne iliyopita kipimo cha presha kilikuwa mezani.
"Jipime na wewe," akasema,
"unahema kama treni ya makaa."
Nikavaa mkanda kwa utani.
Mashine ikakaza, ikanguruma, ikaachia:
mia sabini na nane juu ya mia na nne.
Tukatazamana.
Mganga hajigangi. Methali niliyozoea
kuwatupia wengine.

Mimi sinywi. Tone halijanigusa.
Nesi akiuliza glasi ngapi kwa wiki
najibu sifuri, kidevu juu.
Hakuna aliyewahi kuniuliza habari ya chumvi,
ile ninayoibeba kwenye pochi
ndani ya kijichupa kilichokuwa cha vidonge,
kwa sababu chakula cha huku kimelala
na mtu lazima akiamshe.

Akanyoosha mkono. Nikajifanya sioni.
Mkono ukabaki pale, unatetemeka, hauondoki.
Nikampa kijichupa.
Akakiweka kabatini, bega kwa bega na wiski,
kisha akavuta daftari
akaandika polepole, ulimi umetoka kama mtoto wa shule:
"Mwanaidi. Chumvi, hakuna. Daktari, Alhamisi."
Jina langu lote, bila kosa.

Usiku nilipika maharage.
Nikaonja, nikachukia, nikaweka kijiko chini.
Nikaonja tena.
Kwa mbali kulikuwa na kitu, kama udongo wenye mvua,
ambacho miaka yote hii
nilikuwa nakipigia kelele.